Kwa Nini Farasi Aliyekuwa Akiongoza Alivutwa Kando

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninasoma uandishi wa habari hapa Ohio, na nyumbani kwetu ni Mombasa. Septemba iliyopita warsha yetu ya uandishi wa michezo ilitupeleka mji wa Delaware, humu humu Ohio, kwenye viwanja vya maonyesho ya kaunti, kutazama mbio za farasi wanaovuta vigari. Mbio za farasi nilizozijua ni zile za Ngong, ambako mjomba alitupeleka tulipokuwa wadogo, na hizi zilinichanganya. Farasi aliyekuwa akiongoza alianza kwenda kwa nguvu zaidi, na badala ya kumwachia, mwendeshaji wake akamvuta kando hadi wenzake wote wakampita. Muda wa mbio moja uliandikwa 1:51.4, mwenzangu akausoma kama dakika 1 na sekunde 51 nukta nne, na mwalimu wa warsha akasema sivyo. Sasa nimetakiwa kuandika makala ndefu. Niangalie nini, na niandike nini? Tena, huu ni mchezo kweli au ni kamari tu?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na yule farasi aliyevutwa kando, kwa sababu aliyemwelewa yeye ameushika mchezo wote, na mengine uliyoyaona uwanjani, kuanzia vifaa vya miguuni hadi hukumu za waamuzi, yanatokana na tukio lile lile. Farasi yule aliuacha mwendo wake. Ngong farasi hubeba mpandaji mgongoni, huruhusiwa kwenda shoti kwa nguvu zake zote, na anayetangulia kufika ndiye mshindi. Katika mbio za vigari, shoti ni marufuku. Farasi hutakiwa kushika mwendo mmoja tangu mstari wa kuanzia hadi wa kumalizia, na akiuacha akaingia kwenye shoti, mwendeshaji analazimika kumtoa kwenye njia ya wenzake mara tu panapokuwa na nafasi, kumrudisha katika mwendo unaotakiwa, na kuhakikisha kwamba wakati wa kosa hilo hapati faida yoyote ya umbali. Asipofanya hivyo waamuzi humshusha nafasi baada ya mbio, hata kama alivuka mstari akiwa wa kwanza. Ufaransa na Sweden sheria ni kali zaidi: farasi aliyekwenda shoti kupita kiasi, au aliyevuka mstari wa mwisho akiwa katika shoti, huondolewa kabisa kwenye matokeo.

Umewahi kuona mbio za kutembea kwa miguu kwenye Michezo ya Olimpiki, ambapo mwanariadha akinyanyua miguu yote miwili huonywa na hatimaye hutolewa. Msingi ni huo huo: kasi inatafutwa ndani ya mwendo uliowekewa mpaka. Kwa hiyo mwendeshaji uliyemwona hakukata tamaa wala hakuwa amekula njama. Alikuwa anatimiza sheria, na huenda alikuwa anaumia kuliko mtazamaji yeyote, kwa kuwa farasi wa aina hiyo akiteleza mbele ya hadhira hutakiwa mara nyingi kurudi kwanza kwenye mbio za majaribio na kuwathibitishia waamuzi kwamba anaaminika, kabla ya kuruhusiwa tena kushindania fedha.

Mwendo wenyewe uko wa namna mbili, na hapa ndipo jicho lako la uandishi linapotakiwa kufanya kazi. Namna ya kwanza ni mwendo wa mshazari: mguu wa mbele wa kulia hupigwa pamoja na wa nyuma wa kushoto, kisha jozi ya pili. Namna ya pili ni mwendo wa ubavu: miguu miwili ya upande wa kulia husogea pamoja, kisha miwili ya kushoto, kama ngamia anavyokwenda. Mbio moja huwa ya mwendo mmoja tu. Farasi wa mshazari hawachanganywi na wa ubavu. Amerika Kaskazini mbio nyingi ni za ubavu, na ndivyo ilivyo Australia na New Zealand, ilhali katika nchi za Ulaya zenye mchezo huu kwa wingi, kama Ufaransa, Sweden, Finland na Italia, mbio kubwa ni za mshazari peke yake. Ukisimama karibu na uzio utazitofautisha bila kuambiwa. Farasi wa mshazari huenda wima, mabega yakipanda na kushuka, na magoti yake hunyanyuka juu. Wa ubavu huyumba kidogo kulia na kushoto, mwili mzima ukifuata upande unaotua.

Tazama pia miguu yenyewe. Farasi wengi wa ubavu huvalishwa mikanda yenye vitanzi vinne, kila mguu ukipita katika kitanzi chake, na kitanzi cha mbele kikiunganishwa na cha nyuma cha upande ule ule, mzigo wote ukining'inizwa kwa kamba nyembamba zinazopanda mgongoni. Mikanda hiyo haimlazimishi farasi kwenda. Inamsaidia kushika mpigo pale uchovu unapomshawishi kuubadili. Urefu wake hupimwa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa ikibana mno humnyima hatua na ikilegea mno haina kazi. Hii ndiyo sababu farasi wa ubavu hukosea mara chache zaidi, na ndiyo sababu ninahisi, ingawa hukuniambia, kwamba yule uliyemwona alikuwa wa mshazari.

Kuna kifaa kingine kidogo ambacho waandishi wapya hawakioni, nacho ni vizibo vya masikio. Farasi wengi huanza mbio wakiwa wamezibwa masikio ili kelele za magurudumu na za watu zisiwashtue. Vizibo hivyo vimefungwa kwenye kamba inayofika alipo mwendeshaji. Katika kona ya mwisho, anapotaka nguvu iliyobaki, huivuta, vizibo vinatoka, na farasi husikia kwa ghafla wenzake wanaomkaribia na uwanja wote unaopiga kelele. Ukijua tendo hilo utaweza kuandika ni sekunde ipi hasa mwendeshaji aliamua kwamba sasa ndiyo sasa, na utaweza kumwuliza kwa nini hakungoja zaidi.

Kipaji cha mwendo hakitoki kwenye mikanda. Mwaka 2012 jopo la wanasayansi lililoongozwa na Leif Andersson wa Chuo Kikuu cha Uppsala lilichapisha katika jarida la Nature matokeo yanayoonyesha kwamba badiliko moja katika jeni liitwalo DMRT3, ambalo linahusika na mishipa ya fahamu ya uti wa mgongo inayoratibu miguu, limeenea sana katika farasi wenye miendo ya ziada, wakiwemo wale wa Iceland na hawa wa mbio za vigari. Badiliko hilo huwapa uwezo wa kubaki katika mwendo wao kwenye kasi ambayo farasi wa kawaida angekuwa ameshaingia shoti. Ninakupa jambo hili kwa sababu msomaji wa Mombasa au Nairobi atauliza kama farasi anateswa ili asikimbie anavyotaka, na ni haki yake kuelezwa kwamba farasi hawa huzaliwa na mwelekeo huo, na kwamba mtoto wa farasi wa ubavu mara nyingi huonekana akienda ubavu malishoni, kabla hajavalishwa kitu chochote.

Uzao huo una jina, Standardbred, lililotokana na kipimo. Mwaka 1879 chama cha wafugaji wa Marekani kiliamua kwamba farasi ataingizwa kwenye daftari la uzao iwapo ataweza, miongoni mwa masharti mengine, kumaliza maili moja ya mshazari kwa dakika 2 na sekunde 30. Haikuwa muhimu anafananaje wala ana rangi gani. Muhimu ilikuwa saa. Na karibu ukoo wote wa sasa unarudi kwa dume mmoja, Hambletonian 10, aliyezaliwa mwaka 1849 karibu na Chester, jimbo la New York. Mwenye mali, Jonas Seely, alimwuza pamoja na mama yake kwa dola 125 kwa kibarua wake wa shambani, William Rysdyk. Kufikia kifo chake mwaka 1876, dume huyo alikuwa amezaa watoto zaidi ya 1,300, na kibarua alikuwa tajiri. Mbio za mshazari zenye heshima kuliko zote Marekani, Hambletonian, zinabeba jina lake tangu mwaka 1926, na siku hizi hufanyika Meadowlands, New Jersey, kila Agosti.

Habari ya Rysdyk si pambo. Farasi wa mbio za kupanda, kama zile za Ngong, walikuwa tangu zamani mali ya matajiri, lakini farasi wa mshazari alikuwa mnyama aliyempeleka daktari kwa mgonjwa na mkulima sokoni. Watu walishindana njiani wakirudi nyumbani, kisha wakatafuta mahali pa kushindana kwa utaratibu, na mahali palipokuwa wazi kwa kila mtu palikuwa viwanja vya maonyesho ya kilimo. Delaware ulipopelekwa ni mfano ulio hai. Pale, tangu mwaka 1946, kila Septemba siku ya Alhamisi ya maonyesho, hukimbiwa Little Brown Jug, mojawapo ya mbio kubwa kuliko zote za ubavu kwa farasi wa miaka mitatu, na mashabiki hufunga viti vyao vya kukunja kwenye uzio mapema ili wasikose nafasi. Ukitaka kujua kwa nini mbio za hadhi hiyo zimebaki katika mji mdogo katikati ya mashindano ya ng'ombe na mabanda ya vyakula, jibu ni kwamba huko ndiko zilikozaliwa. Makala yako isiyazunguke mabanda hayo kwa haraka ili kufika kwenye mbio. Yana haki ya aya yake.

Sasa nije kwenye mbinu, ambako naona waandishi wengi wanapoteza hadithi nzuri kwa kumtazama mshindi peke yake. Mbio nyingi za Amerika Kaskazini ni za maili moja, yaani mita 1,609, na uwanja wa Delaware una mzunguko wa nusu maili, kwa hiyo farasi huzunguka mara mbili na kupita kona nne. Mbio huanza nyuma ya gari lenye mabawa mawili marefu yaliyotandazwa kulia na kushoto. Mwanzishaji hukaa ndani ya gari hilo akiwatazama farasi, nao hulifuata pua zikikaribia kugusa mabawa, gari likiongeza kasi kidogo kidogo hadi mstari wa kuanzia; hapo mabawa hukunjwa, gari huchomoka mbele, na farasi hubaki wenyewe wakiwa tayari katika mwendo. Gari hili la kuanzishia mbio lilianza kutumiwa mwaka 1946 kwenye uwanja wa Roosevelt Raceway huko Long Island, na liliuokoa mchezo. Kabla yake, kuwaanzisha farasi wanane kwa pamoja bila kuwasimamisha kulichukua muda mrefu wa kuitwa na kurudishwa, hadi watazamaji wakachoka.

Mara mabawa yanapokunjwa, kila mwendeshaji ana sekunde chache za kuamua. Akienda mbele kwa nguvu, atakaa kwenye uzio wa ndani ambako njia ni fupi, lakini atakata upepo kwa niaba ya wote na ametumia nguvu mapema. Akikaa nyuma ya kiongozi, farasi wake hupumzika ndani ya kivuli cha upepo, ila anaweza kufungiwa pale, akazingirwa mbele na ubavuni, akafika mwisho na nguvu tele asizopata pa kuzitumia. Mahali pabaya kuliko pote ni nje, ubavuni mwa kiongozi, bila farasi mwingine wa kumkinga. Hesabu yake ni rahisi na ningependa uiweke kwenye makala: kwa kila mita moja farasi anayokwenda nje zaidi kwenye kona, mzunguko mzima humwongezea takriban mita 6.3. Aliyekaa mita mbili nje kwa mizunguko miwili amekwenda zaidi ya mita 25 kuliko yule wa ndani, akikata upepo mwenyewe. Farasi wa namna hiyo akimaliza wa tatu, huenda ndiye aliyekuwa bora siku ile, na gazeti litakalomtaja mshindi tu litakuwa limeficha habari kubwa.

Hivyo basi soma muda wa kila robo maili, si wa mwisho peke yake. Chukua mfano wa mbio zilizomalizika kwa dakika 1 na sekunde 52. Ikiwa robo ya kwanza ilikuwa sekunde 27 na ya pili 29, kiongozi aliachiwa apumzike, na waliomwacha hivyo ndio wa kuulizwa maswali. Ikiwa robo ya pili nayo ilikuwa 27, maana yake kuna mtu alimsumbua kutoka nje, na nguvu walizopotezana wawili hao ndizo alizozivuna wa tatu aliyetulia nyuma yao. Waendeshaji wenyewe huzungumza kwa lugha ya safari ya farasi: alipata safari nzuri, alipata safari mbaya. Waulize hivyo hivyo, "Safari yake ilikuwaje?", utashangaa jinsi mtu aliyekuwa akikujibu kwa neno moja atakavyoanza kukueleza kila kona.

Kuhusu ule muda wa 1:51.4, mwalimu wako wa warsha alikuwa sahihi, na jambo hili limewaponyoka hata wahariri wazoefu. Katika desturi ya Amerika Kaskazini tarakimu inayofuata nukta ni sehemu ya tano ya sekunde, si ya kumi. Kwa hiyo 1:51.4 ni dakika 1, sekunde 51 na sehemu nne za tano, ambayo kwa desimali ni sekunde 51.8. Hutaona kamwe 1:51.6. Sehemu moja ya tano huchukuliwa kuwa karibu sawa na urefu wa farasi mmoja, ndiyo maana desturi hii imedumu. Ulaya hawapimi hivyo: wao huandika muda wa wastani kwa kila kilomita, kwa kuwa umbali wa mbio zao hubadilika. Ukilinganisha farasi wa Ohio na wa Stockholm bila kugeuza kipimo, utachapisha upuuzi. Kwa mfano, mwezi Julai 2022 farasi wa ubavu Bulldog Hanover alikwenda maili ya Meadowlands kwa 1:45.4, muda ambao hakuna aliyewahi kuufikia kabla yake. Kwa kipimo cha Ulaya ni kama dakika 1 na sekunde 5.7 kwa kilomita, au karibu kilomita 55 kwa saa, bila hatua moja ya shoti.

Ukitaka kumwonyesha msomaji ukubwa wa muda huo, mpe ngazi za kupandia. Mwaka 1845 farasi jike wa rangi ya kijivu, Lady Suffolk, alikuwa wa kwanza kwenda maili ya mshazari chini ya dakika 2 na sekunde 30, huko Hoboken. Mwaka 1892 vigari vilibadilishiwa magurudumu, yale makubwa ya mbao yakaondolewa yakaja madogo ya mpira uliojaa upepo kama ya baiskeli, na msimu ule ule Nancy Hanks akafika 2:04. Mwaka 1906 Dan Patch, farasi aliyependwa Marekani kiasi kwamba jina lake liliuza tumbaku na mashine za kufulia, alikwenda 1:55 kwenye maonyesho ya jimbo la Minnesota. Mwaka 1980 Niatross, akikimbizana na saa peke yake huko Lexington, alimaliza kwa 1:49.1. Mimi humkumbuka zaidi Niatross, kwa kuwa alishusha kiwango kwa pigo moja mahali ambapo wengine walikuwa wakikwangua sehemu za sekunde.

Karatasi ya programu uliyopewa mlangoni ina habari nyingi kuliko zinazohitajika kwa kuweka dau, ingawa iliandikwa kwa ajili hiyo. Kila mstari ni mbio moja iliyopita ya farasi huyo: tarehe, uwanja, muda wa kila robo, nafasi yake kila robo, na jina la mwendeshaji. Alama ya x kando ya nafasi inaonyesha kwamba hapo aliuacha mwendo. Kiduara kidogo kilichoinuliwa kando ya namba kinaonyesha kwamba alikuwa njia ya nje. Ukiona viduara viwili au vitatu mfululizo kisha nafasi ya tano, usimwite dhaifu.

Upande wa watu, kuna tofauti moja na Ngong itakayokusaidia. Mpanda farasi wa Ngong huvaa rangi za mwenye farasi na hulazimika kulinda uzito wake. Mwendeshaji wa Amerika Kaskazini huvaa rangi zake mwenyewe, zile zile katika kila mbio na kwa kila tajiri, na uzito wake haumwangushi, kwa hiyo huendelea na kazi hadi umri mkubwa. John Campbell, Hervé Filion na Dave Palone walijulikana kwa rangi zao kabla hata uso haujaonekana. Filion, aliyetoka Québec, alikuwa na ushindi zaidi ya 15,000. Palone, aliyefanya kazi yake kubwa kwenye uwanja wa The Meadows huko Pennsylvania, akampita mwaka 2012. Hata hivyo, ningekuwa wewe nisingeanza na waendeshaji. Ningeanza na mtunzaji, yule anayemwogesha farasi, anayemfunga bandeji, anayempakia kwenye lori usiku. Waendeshaji hupanda vigari vya farasi wengi kwa siku moja, wengine wakiwaona kwa mara ya kwanza dakika chache kabla ya mbio; mtunzaji anamjua mmoja kwa tabia zake zote. Nenda asubuhi, wakati farasi wanapotembezwa kwa mazoezi mepesi wakizunguka uwanja kwa upande ulio kinyume na ule wa mbio, na omba ruhusa kabla ya kuingia kwenye mabanda. Usisimame nyuma ya farasi, usipige picha kwa taa, usimpe chochote cha kula: hata kipande cha keki chenye kakao kinaweza kuleta matokeo mabaya kwenye vipimo vya dawa, na hilo si jambo dogo kwa mtu ambaye riziki yake ni leseni.

Kwa kuwa uko Ohio, fuatilia pia farasi wanapokwenda baada ya kustaafu. Wengi hununuliwa na Waamish, Wakristo wasiomiliki magari, ambao huwafunga kwenye mikokoteni ya familia katika kaunti kama Holmes. Farasi aliyefundishwa kushika mwendo wa haraka bila kwenda shoti, na aliyezoea kelele za magurudumu nyuma yake, ndiye hasa wanayemtaka. Wako wanaotunzwa vizuri huko hadi uzeeni na wako wanaochoshwa kwenye lami, na mwandishi mzuri atakwenda kuona mwenyewe kabla ya kuandika lolote kati ya hayo mawili.

Umeuliza kama ni mchezo au ni kamari. Ni mchezo, na fedha zake zimetegemea kamari kwa muda mrefu sana, na hakuna haja ya kulificha hilo. Dau ndilo lililojenga viwanja vya usiku vya Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Kamari nyingine zilipohalalishwa na watu wakahama, viwanja vilianza kufungwa: Roosevelt Raceway ilifungwa mwaka 1988, Pompano Park ya Florida mwaka 2022. Vilivyobaki vingi vimeungana na mashine za kamari, na sehemu ya mapato ya mashine hizo ndiyo inayolipa zawadi za farasi. Hatari yake ilionekana Ontario, ambako serikali ya jimbo ilitangaza mwaka 2012 kuusitisha mpango wa namna hiyo. Wafugaji wakabaki na farasi ambao thamani yao iliporomoka kabla hawajakimbia hata mara moja. Kamari hiyo imevuka bahari pia. Mtu wa Dakar au Ouagadougou ambaye hajawahi kusimama karibu na farasi wa mshazari anaweza kukutajia washindi wa uwanja wa Vincennes, Paris, ambako Prix d'Amérique imekuwa ikikimbiwa tangu mwaka 1920 na ambako Ourasi alishinda mara nne, kwa sababu tiketi za mbio za Ufaransa huuzwa mitaani kwao kama bahati nasibu. Afrika Mashariki desturi hiyo haikutia mizizi. Dau letu limekwenda kwenye mpira wa miguu, na anayependa mashindano ya wanyama kwa mapenzi tu atayaona Lamu, wakati wa Maulidi, vijana wanaposhindana juu ya punda.

Lipo na suala la dawa. Machi 2020 waendesha mashtaka wa serikali kuu ya Marekani huko New York waliwafungulia mashtaka watu zaidi ya 20, wakiwemo walimu wa farasi na madaktari wa wanyama, wa mbio za kupanda na za vigari kwa pamoja, kwa kuwapa farasi dawa za kuongeza nguvu. Mwisho wa mwaka huo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya usimamizi wa pamoja wa usalama na uadilifu, lakini sheria hiyo inazigusa mbio za kupanda. Za vigari zimebaki chini ya tume za majimbo, kila moja na kanuni zake. Sikupi habari hii ili uutie doa mchezo ulioanza kuupenda. Nakupa kwa sababu watu waaminifu niliokutana nao mabandani ndio wanaoumizwa zaidi na wadanganyifu, na ndio watakaokuambia ukweli iwapo wataona kwamba umejifunza kwanza kutofautisha mshazari na ubavu.

Kuhusu urefu na mpangilio wa makala, ushauri wangu ni kwamba uchukue zile mbio moja ulizoziona, na hasa yule farasi mmoja. Tafuta jina lake kwenye programu, omba picha za video za mbio hizo kwenye ofisi ya uwanja, uzitazame polepole hadi uijue hatua ambayo mwendo ulivunjika: alikuwa kwenye kona au kwenye njia iliyonyooka, alikuwa amebanwa au yuko huru, mwendeshaji alikuwa ameshavuta vizibo au bado. Halafu mpigie mwendeshaji simu, kisha mwalimu wa farasi, kisha mtunzaji, na uwaulize swali lile lile kila mmoja. Majibu yao hayatafanana. Mwisho waulize wasimamizi wa maonyesho ya Delaware zawadi ya mbio zile ilitoka wapi: kiasi gani kilikuwa ada ambazo wenye farasi walikuwa wakizilipa tangu wanyama wao wakiwa wadogo, kiasi gani kilitoka kwa wafadhili, na kiasi gani kilitoka kwenye dau au mashine. Hesabu hiyo ikiwa ndefu kuliko nafasi uliyopewa, iweke kando. Itakuwa makala yako ya pili.